Mwenye Safari Anyonye Mwenyewe

Jua lilikuwa linazama kinyozi alipokubali kwamba foleni ile ya mafuta haitamfikisha popote. Alikuwa amekaa ndani ya gari lake kuukuu tangu mchana, mkewe, fundi cherehani, pembeni yake akishona vifungo vya shati la mteja. Mbele kabisa, mhudumu wa kituo akafunga mnyororo na kupita akitikisa mikono. Hakuna mafuta, nendeni mkalale.

"Na mtoto wangu je?" mkewe akamuuliza, kana kwamba mhudumu ndiye mwenye jibu.

Mtoto mwenyewe alikuwa mtu mzima, binti yao wa pekee, aliyeolewa nchi jirani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imekaribia kutimiza miezi, naye aliomba kitu kimoja tu: mama awe naye siku ya kujifungua. Mabasi yalikuwa yamesimama. Huko kwake nako mafuta yalikuwa adimu vilevile. Mizigo ilishafungwa, nguo za kichanga zilishashonwa, pasipoti zilikuwa mkobani. Kilichokosekana ni cha kutia kwenye tanki.

Sasa huyu kinyozi lazima umjue. Wateja walimwita Bwana Usafi, naye maskini akadhani wanamsifu. Alichemsha mikasi, akachemsha vitana, na angeweza angechemsha vichwa vya watu. Kikombe alichonywea mtu mwingine hakukigusa, hata kama mtu huyo ni mkewe. "Mjukuu akikucheulia begani utamtupa?" mkewe alizoea kumtania.

Waligeuza gari na kushika njia ya nyuma ya karakana. Hapo, kwenye lango la ua, alisimama mzee mmoja. Hakupunga mkono wala hakuita. Aliinua mpira wa kunyonyea mafuta tu.

Kinyozi akasimamisha gari.

Uani kulikuwa na pipa moja. Palinuka petroli, ndiyo, lakini chini ya petroli kulikuwa na harufu nyingine, ya mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye sufuria iliyosahaulika.

"Safari ya wapi?" mzee akanong'ona.

"Tunavuka mpaka."

"Yapo. Mwenye safari anyonye mwenyewe."

"Si unyonye wewe, mzee? Biashara yako."

"Mimi sina safari."

"Basi sema bei."

"Mtalipa njiani."

Kinyozi akautazama ule mpira. Ncha yake ilikuwa nyeusi, imeganda utando wa mate makavu ya watu, na juu ya utando kulikuwa na alama za meno. Meno makubwa. Meno madogo. Mate yakamjaa mdomoni, yale ya mtu anayekaribia kutapika.

"Siwezi," akasema. "Haki ya Mungu, siwezi."

Mkewe akasonya. Akaupokea mpira, akaifuta ncha kwa upindo wa gauni, akauweka mdomoni na kuvuta. Mashavu yakaingia ndani. Pipa likaguna.

Grrl... grrl...

Kisha koo lake likapanda na kushuka.

"Umemeza! Tema, mama, tema!"

Mzee alikuwa ameshauchomeka mpira kwenye tanki. Mkewe hakutema. Alijilamba midomo, polepole.

"Tamu," akasema.

Siku zilizofuata kinyozi aliendesha gari huku na huko kutengeneza safari. Alikwenda kwa fundi wa breki, akaenda kutafuta karatasi za kuvusha gari, akaenda kuziba matairi. Mshale wa mafuta ulisimama pale pale juu, haukutikisika. Akafurahi kimoyomoyo. Hakumwambia mtu, asije akaombwa.

Nyumbani, mkewe alianza kubana magauni yake mwenyewe kwenye cherehani. Aliyabana, baada ya muda akayabana tena. Vidole vyake viliacha madoa ya grisi kwenye vitambaa vya wateja, na madoa yale hayakutoka kwa sabuni yoyote. Ngozi ya mikono ikaanza kuning'inia. Na alinuka. Aoge asioge, alinuka ile sufuria iliyosahaulika. Kinyozi akahamishia mto wake upande wa miguu, akasingizia joto. Tuseme ukweli tu: alimwonea kinyaa mke wake.

Jioni ya kuamkia safari, wasiwasi ukamzidi. Tanki gani hili lisiloishiwa? Akafungua mfuniko, akafunga kitambaa cheupe kwenye waya, akakizamisha.

Kitambaa kilitoka kizito. Kilikuwa kimepakwa kitu cha manjano, kinachovutika, chenye uvuguvugu wa mwili. Ndani ya mafuta yale kulikuwa na nywele.

Akazivuta kwa vidole. Nywele fupi, laini, nyeupe kwenye shina na nyeusi nchani. Hakuhitaji kuuliza za nani. Kichwa kile alikipunguza mwenyewe tangu waoane, na ile rangi nyeusi alimpaka yeye.

Akatapika palepale, juu ya viatu vyake.

Alikimbia hadi kule uani. Lango lilikuwa wazi na pipa limelazwa, kavu, limejaa utando wa buibui. Mchomeleaji wa jirani alikuwa anafunga banda lake.

"Mzee gani?" akashangaa. "Ua huu hauna mtu tangu nihamie hapa."

Lakini mpira ulikuwepo, umetundikwa msumarini. Kinyozi akaushika ncha.

Ilikuwa mbichi kwa mate.

Akaubeba. Aliporudi alimkuta mkewe ameshakaa ndani ya gari, mkanda umempwaya kifuani, mkoba wa nguo za kichanga mapajani.

"Unajua?" kinyozi akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu siku ya kwanza. Ukiwasha gari, nasikia linanivuta hapa." Akajigusa chini ya mbavu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungevunja safari. Mtoto ananisubiri, baba." Akatazama mshale uliojaa. "Nimejipima. Nitatosha kwenda."

"Na kurudi?"

Mkewe akawa anapanga upya nguo zilizokuwa zimepangika.

Kinyozi akazunguka nyuma ya gari. Aliwaza jambo moja: tanki likipata mdomo wa pili, litakula kwa watu wawili, na huenda wote wawili wakarudi. Akauchomeka mpira kwenye tanki. Hakuifuta ile ncha, maana angeifuta angeanza kuitazama, na angeitazama angekimbia. Akapiga moyo konde, akaweka midomo yake juu ya alama zote zile za meno, akavuta.

Yalikuja mazito, vuguvugu, yakagandamana kaakaani. Unywele ukamlalia ulimini.

Akameza.

Yalikuwa matamu. Na kilichomtia kinyaa kuliko mpira, kuliko mate ya watu, ni kwamba ulimi wake ulitaka tena.

Simu ikaita mfukoni. Binti yao.

"Baba, msije tena!" Sauti yake ilijaa furaha. "Tumepata mafuta huku. Tuko njiani tangu asubuhi, naja kujifungulia kwa mama."

Kinyozi akafuta midomo kwa kiganja. "Mafuta... mmeyapata wapi?"

"Kuna mzee ana pipa. Mume wangu alishindwa kunyonya mpira, si unajua ana kinyaa kama wewe? Nikavuta mwenyewe." Akacheka. "Na hayaishi, baba! Mshale haujashuka hata kidogo."

"Na wewe? U mzima?"

"Mzima kabisa. Tena tumbo limekuwa jepesi, huwezi kuamini. Leo nimeinama nikafunga kamba za viatu mwenyewe."

"Zimeni gari!" kinyozi akapiga kelele. "Mwambie azime gari! Azime sasa hivi!"

Nyuma ya sauti ya binti yake injini ilikuwa inanguruma, taratibu, imeshiba.

"Sikusikii vizuri, baba," binti akasema. "Tukifika tutaongea."