Simu Iliyosahau Mshono

Benadeta ni fundi cherehani wa Bugene. Asubuhi hupalilia migomba, mchana hushona barazani. Mwezi huo kwaya ya kanisa ilimpa kazi kubwa kuliko zote: magauni kumi na mawili ya tamasha la Jumapili. Wanakwaya walitaka mikono ya puto, ile inayovimba begani, na Benadeta hakuwahi kuishona.

Jumatatu aliitafuta kwenye intaneti. Akapata ukurasa unaoonyesha namna ya kukata. Akafurahi, akaufunga, akaenda kupika.

Jumanne ukurasa haukuwepo. Akafungua orodha ya kurasa alizosoma. Tupu.

"Edgar, umefuta kitu kwenye simu?" akamuuliza mumewe.

"Hata sijaishika."

Benadeta akaogopa. Kitambaa alicholetewa na kwaya kilikuwa hicho tu. Akikosea kukata, hakuna kingine. Wakaenda wote wawili dukani kwa jirani yao Najat, muuza vitambaa, anayetafuta mitindo kwa simu kila siku.

"Benadeta, nionyeshe unavyoingia mtandaoni," Najat alisema.

Benadeta akabonyeza alama ya kofia na miwani. Najat akacheka.

"Hii ni hali fiche. Ukishafunga, simu haikumbuki ulichosoma. Inafaa ukiazima simu ya mtu. Kwenye yako, ukitaka ikumbuke, toka humo."

"Nani aliweka alama hii hapa?" Benadeta akauliza.

Edgar akajikuna kichwa. "Mimi, siku nyingi zilizopita. Niliipenda ile kofia."

Wakacheka mpaka wateja wakageuka.

"Bonyeza kimraba chenye namba," Najat akaendelea. "Kurasa hizi nyeusi zifunge zote, kwa alama ya kuzidisha. Sasa ingia kwa alama ya kawaida, ile ya mduara wenye rangi."

"Na ukurasa wangu?"

"Huo umekwenda. Utafute upya. Safari hii utabaki."

Benadeta akautafuta kwa kidole chake mwenyewe, akaupata. Akaufunga, akafungua orodha ya kurasa. Ulikuwepo. Akaifunga na kuifungua tena, kwa raha tu.

Jumapili kwaya iliingia na mikono imevimba vizuri begani. Baada ya tamasha, akina mama wa kwaya ya Kiruruma wakamzunguka.

"Fundi, na sisi tushonee," akasema kiongozi wao, Sperancia. "Una mitindo mingine?"

Benadeta akatoa simu, akafungua orodha ya kurasa alizosoma wiki nzima: kola, mikunjo, mikono ya kila namna.

"Chagueni," akasema.