Wakoli Apimwa Tezi Dume

Mume wangu Wakoli ni mtu wa kazi. Hapa kwetu Soy, jua halijachoma bado ameshaingia kwa mahindi. Lakini mwaka huu kila mara anaacha jembe anakimbilia choo. Huko anakawia. Akirudi, uso umekunjamana.

"Baba Nakhumicha, unaumwa?"

"Mwanaume halalamiki, Nekoye."

Niliogopa sana. Baba yake alianza hivyo hivyo, na saratani ya tezi dume ikamuua.

Jirani yetu Tryphosa ni nesi, anafanya utafiti wa saratani hiyo Eldoret mjini. Nikamwita nyumbani.

"Mzee, tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo," alisema. "Saratani yake huwasumbua wanaume weusi kuliko wazungu. Tunatafuta sababu."

"Si ni damu ya ukoo? Baba alikufa nayo. Nipimwe ya nini?"

"Mzee, mbegu moja ukiipanda Soy na Ainabkoi, mahindi yatafanana?"

"Wapi! Ainabkoi ni baridi, yanachelewa."

"Basi. Jeni ni kama mbegu, tunazirithi. Lakini chakula, moshi na mawazo mengi vinaweza kuwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Hatujajua yote, maana utafiti mwingi ulifanyiwa wazungu. Ila tunajua hili: ikigunduliwa mapema, inatibika. Tunaanza na kipimo cha damu."

Wakoli aliinamisha kichwa. Kuongea mambo ya mkojo na msichana wa rika la binti yetu! Akatoka nje bila kuaga.

Nikampigia Mabonga simu. Yeye na Wakoli walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu Wabukusu mwenzako wa rika anakuambia lolote na hukasiriki. Alipofika, alianza kwa kucheka.

"Wewe! Ulisimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, leo unatoroka sindano?"

"Siogopi sindano. Naona aibu."

"Mimi nilikutwa na saratani hiyo, nikatibiwa. Niangalie! Siku ya kisu tulinyamaza. Hii inataka mtu aseme."

Wakoli akavaa koti. Wakaenda hospitali pamoja.

Kipimo cha damu kilileta wasiwasi, akapimwa zaidi. Saratani ilikuwepo, lakini haikuwa imesambaa. Akatibiwa. Halafu mwenyewe akamwambia Tryphosa, "Chukua damu yangu kwa utafiti pia. Nina wajukuu."

Siku hizi akiwakuta wenzake wa rika sokoni, anawauliza kwa sauti kubwa, "Mkojo unatoka sawa?" Watu wote wanageuka. Ai, mimi naona haya! Lakini namwacha aulize.