Ndege ya Pili Haimngoji Bi Thuwaiba

Bi Thuwaiba wa Kiponda alikuwa na neno lake. Kila akisikia mtu kaachwa na boti, yeye husema, "Mimi tangu nizaliwe, chombo hakijaniacha."

Watu wakianza kumtazama kwa heshima, huongeza mwenyewe, "Lakini nshasafiri mara mbili tu. Zote Pemba. Na mara ya pili boti iliharibika, ikakaa gatini mpaka alasiri. Hata kobe angeiwahi."

Kazi yake ni kupika mikate ya ufuta. Ameipika miaka arubaini. Unga wa mkate huo hutandazwa kwa mkono kwenye chungu cha moto, na nani asiyeungua? Ncha za vidole vyake zimekuwa laini kama kete ya bao. Viweke akilini vidole hivyo. Vitakuja kututia mashakani.

Binti yake, Badriya, anaishi Sapporo, kaskazini mwa Japani. Mumewe, Wakil, anasomea mambo ya samaki, na wakati huo alikuwa melini, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Badriya alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto alikaa vibaya. Madaktari wakasema Badriya atapasuliwa Alkhamisi asubuhi.

"Mama, nnaogopa," alisema Badriya kwenye simu. "Huku sina mtu. Nataka nikifumbua macho nikuone wewe."

"Utaniona. Jumatano jioni nipo hapo kitandani kwako, nakukera."

Tiketi zilinunuliwa na mdogo wake Bi Thuwaiba, Mmanga, anayeuza magari ya mtumba kutoka Japani, pale Mwanakwerekwe. Mmanga alisema yeye Japani keshafika mara tatu. Nani wa kumbishia? Ukuta wa ofisi yake una kalenda ya Kijapani.

Safari ilikuwa Jumanne. Jumapili alasiri akaja jirani yao, Afra, na mizani ya mkono. Afra anafanya kazi uwanja wa ndege wa Kisauni. Mwaka wa kumi na moja huu anapima masanduku ya watu na kusikiliza viapo vyao kuwa hamna kitu ndani.

"Shikamoo Bi Thuwaiba. Shikamoo ami Mmanga."

"Marahaba mwanangu," alisema Bi Thuwaiba. "Pima, lakini usifungue. Nimelifunga kwa goti."

Afra akapima. Kisha akaomba kuziona tiketi. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. Uso ukambadilika.

"Ami, hizi ni tiketi mbili mbalimbali."

"Ndiyo rahisi zaidi," alisema Mmanga. "Moja ya kumfikisha Japani. Moja ya ndani kwa ndani, mpaka Sapporo. Katikati ana saa mbili na nusu. Atakula, atasali, atapanda."

"Ya kwanza inatua Narita. Ya pili inaruka kutoka Haneda."

"Si Tokyo hapo hapo? Kama Malindi na Darajani."

"Ni kama Nungwi na Makunduchi, ami. Unguja nzima kwa urefu. Na njiani kuna magari mengi kuliko watu wa Unguja."

Bi Thuwaiba akaacha kufunga kamba. Afra akaendelea, kwa sauti ya chini.

"Mbona ulipokwenda wewe mara tatu hukuyaona haya? Ulitua uwanja gani?"

Mmanga akakohoa. "Yokohama."

"Yokohama ni bandari, ami. Ndipo magari yanapopakiwa."

Muadhini wa msikiti wa pili alikuwa akijaribu kipaza sauti.

"Basi," alisema Mmanga mwishowe, "magari yamefika huku kutoka kule. Mimi ndiye sijafika."

Bi Thuwaiba akacheka mpaka akaketi juu ya sanduku. "Mtu mzima na ndevu zake kasafiri kwa kalenda. Uongo una miguu mifupi, Mmanga, na wako hauna hata miguu." Kisha kicheko kikamkauka. Alikumbuka Alkhamisi. "Afra mwanangu. Mimi hapo n'tafika?"

"Kwa hizi, hufiki."

Afra akachukua vikombe vya kahawa, akavipanga sakafuni.

"Hiki Narita. Ukishuka, hapa unapanga mstari wa uhamiaji. Wanakupiga picha, wanachukua alama za vidole. Mstari ukiwa mrefu, saa nzima inakwenda. Hiki cha pili, sanduku. Hata likibandikwa jina la Sapporo, lazima ulichukue wewe mwenyewe."

"Nilibebe? Si limeshalipiwa?"

"Ulichukue, upite nalo forodha, hiki kikombe cha tatu. Mlango wa mwanzo wa kuingia nchi ndio unaokagua. Ukitoka hapo ndipo unalirudisha kaunta ya ndege za ndani, hiki cha nne. Na kaunta inafungwa nusu saa kabla ya ndege kuondoka. Dakika moja ikizidi, wanakuinamia kwa adabu, na ndege inakwenda."

"Na kikombe cha tano?"

"Hicho changu, kina kahawa. Sikiliza, Bi Thuwaiba. Kubwa ni hili. Tiketi zikiwa mbili mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui. Imekupotea. Ikiwa tiketi ni moja, kampuni yenyewe inajua unakuja, na ukikosa wao ndio wa kukutafutia nyingine."

"Nyingine lini?"

"Ya kesho yake. Na kesho yake ni Alkhamisi. Kwa hiyo tiketi moja haitoshi. Twataka na nafasi katikati. Saa tatu au zaidi."

Jumatatu asubuhi wakaenda watatu kwenye ofisi ya tiketi. Ile tiketi ya Haneda ikafa, fedha zake hazikurudi. Ya kwanza ikaongezwa kipande cha Narita mpaka Sapporo, tiketi moja, namba moja. Atatua saa nane u nusu mchana. Ataruka saa kumi na mbili na dakika kumi, ndege ya mwisho ya siku hiyo.

"Saa yako ya mkononi usiigeuze," Afra alimwambia. "Japani wako mbele yetu saa sita. Basi wewe soma namba uliposimama mshale mfupi. Ukisimama kumi, huku Unguja twasema saa nne, huko ni saa kumi kwelikweli."

"Kumbe saa yangu ni ya Kijapani siku zote."

Waliporudi nyumbani, Afra akamsaidia kujaza fomu ya kuingia nchi kwenye simu, ili asije akajazia huko. Akaichapisha pia kwenye karatasi, simu isije ikazima. Akamwandikia na kadi ya herufi kubwa, kwa lugha ya kule: *Naunganisha ndege ya Sapporo saa kumi na mbili na dakika kumi. Naomba mnisaidie.*

"Usione haya kuionyesha. Mwenye haya anaachwa."

Walipokuwa wakiijaza, fomu iliuliza: una matunda, mimea au nyama?

Pale mezani palikuwa na shokishoki sita, nyekundu, na nywele zake. Badriya alizitamani tangu mimba changa.

"Hizi haziingii," alisema Afra. "Matunda kule yataka cheti cha afya ya mimea. Usipokuwa nacho wanakunyang'anya, na ukificha ni kosa la sheria. Nyama hivyo hivyo. Mzazi mtie joto kwa pilipili manga na mdalasini mkavu, lakini uvitaje kwenye fomu."

"N'tampa Mmanga azile," alisema Bi Thuwaiba, akiangalia boriti.

"Basi niandike matunda hapana?"

"Andika."

Jumanne akaondoka. Alipofika Uarabuni kubadilisha ndege, wakaambiwa kuna ukungu. Wakangoja dakika kumi. Wakangoja ishirini. Ndege iliondoka imechelewa saa moja u nusu. Bi Thuwaiba akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Saa zile tatu na ushei alizoziona nyingi Kiponda, sasa zilikuwa mbili na dakika kumi. Angekuwa na tiketi za Mmanga, hapo hapo angeshaanza kulia.

Ndege ikatua Narita. Mshale mfupi ulisimama kumi.

Alitembea mbio za mtu wa miaka sitini na sita mwenye buibui. Mstari wa uhamiaji ulikuwa umejikunja mara nne. Akatoa kadi. Msichana wa uwanjani akaisoma, akainama, akamhamisha kwenye mstari mfupi zaidi. Mfupi, lakini si mtupu. Ilipita nusu saa nzima kabla ya kufika kwenye dirisha.

Afisa akamwonyesha aweke vidole viwili vya shahada kwenye mashine. Akaweka. Mashine ikapiga mlio. Akaweka tena. Mlio. Afisa akamfuta vidole kwa kitambaa kibichi. Mlio.

"Ni mikate," Bi Thuwaiba alimwambia kwa Kiswahili. "Alama nimewauzia watu na mikate yao."

Afisa hakuelewa. Akamwita mkubwa wake. Mshale mrefu ulikuwa unapanda kuelekea saa kumi na dakika hamsini. Mkubwa akaja, akamshika kidole kwa upole, akakikandamiza, akakizungusha kidogo. Mara ya sita, mashine ikanyamaza. Bi Thuwaiba akapita akisema alhamdulillahi kwa sauti ya watu watatu.

Sanduku lilikuwa limeshatolewa kwenye mkanda, limesimama peke yake kama mtoto aliyesahauliwa chuo cha Kurani. Akalivuta. Saa kumi na moja na dakika tano. Zimebaki dakika thelathini na tano kaunta ifungwe. Forodha ile pale. Mlango ule pale.

Ndipo akaja mbwa.

Mbwa mdogo, masikio marefu, kavaa fulana ya kazi. Bi Thuwaiba akalikusanya buibui lake. Mbwa hakumgusa. Aliunusa mkoba wa begani, akaketi chini kwa adabu, akamtazama usoni. Akaketi kama mtu aliyekuja kuleta posa.

Bibi mwenye mbwa akatoa simu ya kutafsiri. Simu ikasema, "Je, mama mheshimiwa, unamiliki matunda?"

Kumiliki. Kiswahili cha simu kilikuwa cha korti.

Ndani ya mkoba, ndani ya soksi za sufi za mtoto, mlikuwa na shokishoki sita. Mdomo wa Bi Thuwaiba ulishafunguka kusema *hapana*. Akaona meza ya pembeni. Kijana mmoja alikuwa kafunguliwa kila kitu chake, nguo juu ya nguo, na wakaguzi wawili wanapekua mifuko. Akalitazama sanduku lake alilolifunga kwa goti. Kulifungua tu ni robo saa. Kulifunga tena, wangehitaji goti lake na la mkubwa wa forodha.

Akaona uso wa Badriya anafumbua macho, na kitini hakuna mtu.

"Nnazo," alisema. Akazitoa mwenyewe soksi, akazimimina shokishoki mezani, moja moja, mpaka ya sita. Akatoa na pilipili manga na mdalasini. "Na hivi. Basi. Hamna kingine, na huyu mbwa wenu ni shahidi."

Wakazichukua shokishoki. Viungo vikavu wakavitazama, wakamrudishia. Wakamwonya kwa karatasi na kwa simu: mara nyingine atatozwa faini. Akatia sahihi. Zilikwenda dakika kumi na mbili. Angesema uongo, zingekwenda arubaini. Siku hiyo aliona ukweli una mbio kuliko uongo, jambo ambalo Kiponda hakupata kulishuhudia.

Akatoka, kadi mkononi, anamwonyesha kila mwenye kofia. Huyu akamwonyesha kushoto. Yule akamshikia sanduku. Kaunta ya ndege za ndani, msichana alikuwa keshanyanyua mkono kugeuza kibao. Saa kumi na moja na dakika thelathini na sita.

"Sapporo," alisema Bi Thuwaiba. Pumzi ya neno la pili hakuwa nayo.

Msichana akatazama namba ya tiketi. Jina lilikuwemo, limeunganishwa na ndege iliyochelewa. Walikuwa wakimtazamia. Akainama, akalipokea sanduku.

Alkhamisi Badriya alipasuliwa. Alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichokiona ni mama yake, anamkemea nesi kwa Kiswahili kwa kumpa mzazi maji baridi. Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, na sauti ya muuza samaki.

Mshale mfupi uliposimama kumi, Bi Thuwaiba akapiga simu ya picha Unguja. Afra alikuwa barazani, siku yake ya mapumziko. Akafurahi, akaomba dua.

"Ami Mmanga siku hizi ni mwalimu," alisema Afra. "Jana kamzuia mteja wake, Usi, asinunue tiketi mbili. Kamwambia: tiketi moja, uwanja mmoja, saa tatu katikati. Usi kakata moja."

"Kalenda imemsomesha."

"Na wewe ulipita salama? Nasikia pale Narita kuna mbwa wa kunusa mikoba."

"Mbwa? Sikuona mbwa. Mkoba wangu una nini cha kunuswa? Mimi nimeipita forodha kama maji ya mfereji. Si ulinikataza shokishoki? Nikampa Mmanga, kazila zote sita mbele ya macho yangu."

Pembeni ya simu pakatokea ndevu, kisha uso mzima wa Mmanga. Kumbe naye alikuwa barazani, anakunywa kahawa.

"Shokishoki zipi, dada?"

Bi Thuwaiba akaigeuza simu upesi.

"Mtazameni mtoto," alisema. "Mtazameni pua yake."

Kitandani, Badriya alikuwa ameushika mshono kwa mikono miwili, anajizuia asicheke.