Mkaguzi wa Macho ya Wanasesere

Inatangazwa kwa wakubwa na wadogo kwamba Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Macho ya Wanasesere alifika kazini saa tatu kamili asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alikuwa bado hajapiga mswaki.

Cheo hicho alipewa na bibi yake. Bibi alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, alikaa nyumbani miezi miwili akigombana na redio, kisha akaanza kushona wanasesere kwa vipande vya vitambaa. Kushona alijua, kuuza hakujua. Aliyemshika mkono ni Fundi, mshonaji mwenye duka mtaa wa pili, ambaye utotoni alichomwa sindano na Bibi huyo huyo. Kila Jumamosi Fundi alikuja kumfundisha: rangi zipi zinapendwa, mteja msumbufu anajibiwaje. Alimpa hata rafu moja dukani kwake.

"Rafu yangu ni jina langu, Mama," alimwambia. "Usiniaibishe."

Sheria ya Fundi ilikuwa moja. Macho ya wanasesere yalikuwa vifungo, na kila jicho lilipaswa kuvutwa kwa nguvu hadi hesabu ya kumi. Mwanasesere aliyefaulu alifungwa utepe wa kijani shingoni. Wiki ya kwanza Mkaguzi alivuta kwa uaminifu, na macho mawili yaliyong'oka Bibi aliyashona upya akiulaumu uzi. Wiki ya pili aligundua kwamba utepe hauulizi maswali. Akawafunga wanasesere wote kumi na wanane kabla chai haijapoa, akaenda zake kucheza mpira.

Basi Jumamosi iliyotangazwa hapo juu Fundi aliingia bila hodi, nyuma yake mwanamke aliyebeba mtoto wa mwaka mmoja. Mwanamke akaweka kifungo cheusi mezani.

"Hiki nimekitoa mdomoni mwa mwanangu kwa kidole," alisema. "Kingepita kooni, leo ningewawekea nini hapa mezani?"

Mtoto mwenyewe alikuwa mzima, anatafuna kola ya mama yake. Bibi alimtazama koo, akasikiliza pumzi, akaomba radhi. Mwanamke aliondoka bila kuaga.

"Uzi wako huo," Bibi alimgeukia Fundi. "Nilikuambia ni mwembamba."

"Uzi huo huo nashonea mabegi ya shule."

"Mimi nimeshona watu, mwanangu. Watu hai. Hakuna aliyerudi na mshono wazi."

"Watu hawatafunwi macho, Mama."

"Usinipandishie sauti. Nimekuona ukilia kwa sindano."

"Na mimi leo nimetukanwa mbele ya wateja wangu kwa ajili yako." Fundi alianza kuwatupa wanasesere ndani ya gunia, asiuzwe tena hata mmoja. "Au hawakukaguliwa?"

"Wana utepe. Mjukuu wangu akifunga utepe, amevuta. Nitukane mimi, huyu mwache."

Mkaguzi aliwakasirikia wote: kifungo, mtoto mwenye meno mawili anayejifanya simba, Fundi na gunia lake. Zaidi ya wote alimkasirikia Bibi kwa kumtetea. Kama angemgombeza, ingekuwa nafuu.

"Beba gunia lako na usirudi," Bibi alisema, akachukua shuka kuifunika cherehani. "Biashara nimefunga."

"Sikuvuta," Mkaguzi alisema.

Shuka ikasimama hewani. "Rudia."

"Sikuvuta hata mmoja, Bibi. Nilifunga tepe tu."

Bibi hakupiga kelele. Alikuwa na hasira ya wodini, ile ya kuzungumza polepole. "Kaa. Vuta. Wote. Sasa hivi."

Mkaguzi aliwatoa guniani, akavuta hadi vidole vikawaka moto. Macho saba yaling'oka, lakini uzi haukukatika hata mahali pamoja. Fundi aliinama kutazama.

"Mama, fundo gani hili?"

Bibi alilisogeza karibu na miwani. "La bandeji," alisema. "Linafungwa hivyo ili ukilivuta lifunguke, mgonjwa asiumie." Alikuwa amelifunga miaka thelathini na minne. Hakuna aliyeiambia mikono yake kwamba imestaafu.

Akavua miwani. "Nimeusingizia uzi wako, mwanangu. Unisamehe."

Fundi alinuna kidogo, kwa sababu alikuwa na haki ya kununa, kisha akalikunja gunia lake. "Nitakufundisha fundo langu. Lakini yule mwanamke mtamfuata leo, nyote wawili."

Walimfuata. Aliwasikiliza mlangoni bila kuwakaribisha ndani. Alipopewa mwanasesere mpya, aliyavuta macho mbele yao akihesabu hadi kumi, ndipo akampa mtoto.

Njiani Bibi alisema, "Mimi nilikosea fundo. Kukosea kupo, ndiyo maana tukaweka mkaguzi. Wewe ulipofunga utepe bila kuvuta, ulinificha kosa langu, na mtoto wa watu nusura alilipie. Siku ukichoka, sema umechoka. Uchovu naweza kuutibu. Uongo sina dawa yake."

Kisha akaagiza jambo lote liandikwe, bila kupamba.

Limeandikwa. Bibi amevaa miwani, amesoma mpaka hapa.

"Mwandiko mzuri," amesema. "Huyu Mkaguzi ni nani?"

"Ni msichana mmoja, Bibi."

"Msichana mmoja yupi?" Anazungumza polepole tena.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyefunga tepe bila kuvuta.