Mwendo wa Kumi

Mguu wa kushoto wa Imali Shimuli uliupiga mpira kabla Imali mwenyewe hajaamua kuupiga. Mpira ulipaa, ukapinda kidogo hewani, ukapita katikati ya milingoti kutoka umbali wa mita hamsini. Imali alibaki akiutazama mguu wake kwa mshangao ule ule wa kila siku, mwezi wa nne sasa.

Kilichopiga ni ngozipili. Lilikuwa vazi jembamba jeusi lililombana mchezaji kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na ndani yake zilipita nyuzi elfu kadhaa za umeme mdogo, kila uzi ukiamuru msuli wake ukaze au ulegee. Amri zenyewe zilitoka kwenye hazina ya mienendo ya mchezaji mmoja hodari wa ng'ambo, ambaye alipostaafu aliuza kila teke, kila pasi na kila hatua aliyowahi kuipiga uwanjani. Mkataba ulilificha jina lake. Karatasi zote zilimwita Chanzo.

Ilikuwa mwaka wa 2093, na jambo hilo halikumshangaza mtu tena. Fahali wa Ilesi, timu ya raga ya wanawake ya jiji la Kakamega, walikuwa wamemvaa Chanzo kwa miaka kumi na minane. Wasukumaji, wale wanane wa mbele wanaosukumana na wapinzani bega kwa bega katika skramu, hawakuwakosa kamwe. Wasichana wenye mabega ya skramu huko Ilesi huokotwa njiani, ukitaka watatu unapata saba. Kilichoisumbua klabu tangu enzi za mababu ni namba kumi, yule anayesimama nyuma ya vumbi, akaupokea mpira, akaamua kwa kufumba na kufumbua kama ataupiga, ataupasi au atakimbia nao. Kumi hahitaji mabega. Anahitaji miaka ya kukosea, na klabu haikuwa na subira ya kumtazama mtu akikosea.

Kwanza waliwaagiza kina kumi kutoka nje. Ligi ikapiga marufuku, ikasema kila mchezaji awe mzawa wa kaunti yake. Basi badala ya kumlea mmoja, klabu ikanunua ngozipili, ikamvisha msichana wa hapa hapa, na mwenyekiti akatangaza kwamba Fahali sasa ni wazawa watupu. Watu wakapiga vigelegele. Mguu ulikuwa mzawa, teke lilikuwa la kuagiza, lakini siku ya ushindi nani ana muda wa maswali ya namna hiyo?

Wa kwanza kuvishwa alikuwa Muhonja Likhanga, akiwa na miaka kumi na minane. Sasa alikuwa na thelathini na sita, ndiye kocha, na picha yake akiwa amebeba kombe ilining'inia katika kituo cha treni ya juu. Jiji zima lilimjua hata kwa mgongo, kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa akikanyaga kwa kudonoa na mguu wa kulia, bega la kushoto likishuka, kisha mwili wote unapanda tena kwa madaha. Watu waliuita mwendo wa kumi. Watoto wa soko la Ilesi waliuiga wakicheza raga ya mpira wa matambara, na Muhonja, aliyekuwa na majivuno yake kama binadamu yeyote, alikuwa akipitia sokoni makusudi ili awaone.

Jioni hiyo ya mazoezi Imali alimfuata, akamwambia kwamba nyonga inamuuma. Muhonja alimjibu walivyojibiwa wote, kwamba ni uchovu, apake dawa. Msichana hakuondoka. Alikuwa na miaka kumi na tisa na tabia ya kusugua kiatu cha kulia kwenye soksi ya mguu wa kushoto anapofikiri.

"Inauma nikitua, Kocha," alisema. "Mguu wa kulia unaogopa kukanyaga chini. Nami nimeukagua, hauna kitu. Unaogopa nini?"

Muhonja akajigusa nyonga. Yeye mwenyewe alikuwa amebadilishiwa nyonga mara mbili, na mara zote mbili alijiambia kwamba hiyo ndiyo ada ya ubingwa. Lakini lile swali lilikataa kumtoka. Jumapili, baada ya ibada, aliwaita uwanjani wale wanne waliovaa ngozipili baada yake na kabla ya Imali. Mmoja siku hizi aliuza simu, mwingine alikuwa mwalimu, wawili walilima. Walikuwa hawajawahi kukutana wote kwa pamoja.

Aliwasubiri jukwaani. Wakaingia langoni mmoja mmoja, wakavuka nyasi kumjia: mguu wa kulia ukidonoa, bega la kushoto likishuka, mwili ukipanda. Mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, wote vile vile. Ilikuwa kama kumwona mtu mmoja akiingia mara nne. Muhonja aliinuka awapokee, akateremka ngazi, na wale wanne wakasimama ghafla wakimtazama, kwa sababu nao walimwona akija.

Hakuna aliyecheka. Waliketi kwenye nyasi wakaonyeshana makovu ya nyonga.

Kesho yake alikwenda ofisini akaomba faili ya Chanzo. Haikuwa siri. Mkataba uliipa klabu haki ya kuisoma tangu siku ya kwanza, ila muhuri wake ulikuwa bado mzima. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ulisema kwamba Chanzo alivunjika kifundo cha mguu wa kulia akiwa na miaka ishirini, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo alijizoeza kutua akiukwepa mguu huo na kupiga kwa kushoto. Ngozipili haikuwa na akili ya kutenganisha ustadi na kilema. Ilinakili vyote. Wasichana sita wenye vifundo vizima walifundishwa kuchechemea kwa maumivu ya mwanamume wasiyemjua hata jina, na maumivu yakageuka yao.

Muhonja alilia pale pale mbele ya kabati. Alililia nyonga, lakini zaidi aliulilia ule mwendo, jinsi alivyoupenda.

Fainali ilikuwa Jumamosi, dhidi ya Mwewe wa Nzoia, nao walikuwa na ngozipili yao. Mwenyekiti, Mzee Lumbasi, aliusoma ukurasa ule mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Timu hii aliipenda kuliko usingizi wake.

"Dakika themanini tu, mwanangu," alisema. "Avae mara hii ya mwisho. Nyonga siku hizi zinatengenezwa."

"Zangu zimetengenezwa mbili, Mzee. Nikuonyeshe ninavyopanda ngazi?"

"Bila Chanzo tutapigwa."

"Basi tupigwe sisi. Miaka kumi na minane tunashinda na hatupo uwanjani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii yetu haisitiri hata nyonga."

Mzee Lumbasi alimwambia kwamba Imali akicheza bila vazi na timu ishindwe, Muhonja alete funguo za chumba cha kocha. Muhonja alisema sawa. Alimpelekea Imali ukurasa ule ausome mwenyewe, akamwachia uamuzi. Msichana alisoma, akasugua kiatu kwenye soksi, akauliza kama kaptura yake ya zamani bado ipo stoo.

Jumamosi saa tisa alasiri aliingia uwanjani kwa kaptura, bila ngozipili. Kwa sheria ya Ligi, ubao mkubwa ulionyesha chanzo cha ustadi wa kila mpigaji na uwezekano wa teke lake kuingia. Kwa kumi wa Mwewe ulitaja namba ndefu na asilimia tisini na moja. Kwa Imali uliandika: *Chanzo: hakuna.* Watu wakacheka, wengine kwa uchungu.

Nusu ya kwanza ilikuwa aibu, tusidanganyane. Imali aliangusha pasi mbili. Alipiga teke la mguu wa kulia likatoka nje upande wa wauza maandazi. Mwewe wakaongoza kumi na saba kwa tano, ile tano ikiwa trai ya wasukumaji peke yao, walioulaza mpira nyuma ya mstari wa Mwewe.

Wakati wa mapumziko Muhonja hakumfundisha kitu, kwa kuwa hakuwa na cha kumfundisha. Makombe yote yale, na yeye mwenyewe hakujua kupiga mpira. Alimuuliza tu walivyokuwa wakicheza kwao alipokuwa mdogo. Imali akasema kwao ni mteremkoni. Aliyepiga juu alitumwa kuufuata mpira kwenye mto Isiukhu, kwa hiyo walizoea kupiga chini chini.

"Basi hapa pia ni kwenu," Muhonja akamwambia.

Nusu ya pili Imali alipiga mateke ya kutambaa. Mpira wa raga ukitambaa hudunda kichaa, na ngozipili ya Mwewe, iliyojaa mienendo ya mtu aliyezoea mipira ya juu, ilimwinamisha mvaaji wake upande huu huku mpira umeruka upande ule. Mbio mbili, trai mbili. Kumi na saba kwa kumi na tano. Ngoma za isukuti zilizokuwa zimenyamaza tangu mwanzo zikaamka, na wasukumaji wa Fahali wakaanza kusukuma kama watu waliokumbuka jambo.

Dakika ya mwisho refa akawapa penalti ya pointi tatu, mita thelathini, pembeni kidogo. Imali akauweka mpira. Akasugua kiatu cha kulia kwenye soksi ya kushoto. Ubao ukaandika: *Chanzo: hakuna. Uwezekano: haujulikani.* Akapiga. Mpira ulikwenda vizuri, ukaendelea vizuri, kisha ukapita kushoto kwa mlingoti, upana wa kiganja.

Fahali walishindwa. Muhonja alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Lumbasi, akamwekea funguo mkononi kabla hajaziomba. Kisha akamfuata Imali alikokuwa amechuchumaa, akamuuliza habari ya nyonga.

"Nyonga iko salama, Kocha. Moyo ndio unauma."

"Huo ni wako. Uache uume."

Mzee Lumbasi aliwaambia wachezaji kwamba msimu ujao ngozipili itarudi. Nahodha wa safu ya mbele, mwanamke mpole ambaye kwa kawaida hakusema kitu mikutanoni, alimjibu kwa heshima zote kwamba wao hawatasukuma tena kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Wenzake saba wa skramu walikuwa wamesimama nyuma yake, matope hadi nyusi. Mzee akasema basi, iwe hivyo. Vazi likafungiwa kabatini pamoja na faili yake, na funguo za Muhonja zikarudishwa Jumatatu na karani aliyeona haya kumtazama usoni.

Jumatatu hiyo hiyo Muhonja alipitia sokoni. Alikuwa akidonoa bado, nyonga haisomi faili. Watoto walikuwa wakicheza karibu na vibanda vya nyanya, na alijikaza, akitazamia kuuona mwendo ule. Hakuuona. Kila mtoto aliyetaka kupiga alisugua kwanza kiatu cha kulia kwenye shavu la mguu wa kushoto, au unyayo mtupu kama hakuwa na kiatu. Kisha alipiga, akaukosesha mpira makusudi, kushoto kwa mlingoti, upana wa kiganja, na wengine wakashangilia.

Mpira ukamjia miguuni. Muhonja akaweka mkoba chini. Akasugua kiatu cha kulia kwenye shavu la mguu wa kushoto, akaupiga kwa mguu wa kulia, kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa msichana. Mpira uliinuka vibaya, ukaruka vichwa vya watoto, ukatua katikati ya rundo la nyanya, na nyanya zikatawanyika hadi barabarani.

Mwenye kibanda akainuka, mikono kiunoni.

"Nani amepiga huu mpira?"

"Mimi," alisema Muhonja. "Huo nimeupiga mimi."