Maji ya Mahafali

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kwandu alifungua stoo ya shule na kugawa mafagio. Alikuwa kiranja wa stoo, na mwaka mzima hakuna aliyemlaumu. Siku ya mahafali ya darasa la saba, ambayo ni mahafali yake mwenyewe, alitoa katoni za maji ya chupa akawagawia wageni.

Mgeni wa kwanza akatema. Wa pili naye akatema. Maji yalinuka petroli.

Mwalimu Anastazi, mwalimu wa zamu, alimjia juu kama nyuki waliochokozwa. "Umekunywa maji ya wageni, ukajaza chupa kwa maji ya dumu chafu. Kwenye mstari wa wahitimu husimami."

Kwandu alijitetea, lakini mwalimu hakutaka kusikia. Wenzake wakamzomea. Mmoja wao, Juvenali, akatia chumvi, eti alishamwona akiokota chupa tupu, na huo ulikuwa uongo mtupu. Mama yake Kwandu, aliyetoka Bisibo alfajiri kuja kumpongeza, aliinamisha uso kwa aibu. Hilo ndilo lililomchoma Kwandu kuliko yote.

Akaenda meza kuu kwa Mama Petronila, nesi wa zahanati. "Shikamoo. Naomba ufungue wewe mwenyewe chupa ambayo haijaguswa."

"Marahaba." Nesi alichomoa moja kwenye katoni iliyofungwa. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa mwakani. Akakata kifuniko, akanusa, akampa mwalimu. Harufu ilikuwa ileile.

Nesi akataka kuiona stoo. Ndani, chini ya bati lenye joto kali, katoni zilizobaki ziliegemea dumu la petroli ya pikipiki ya Mwalimu Anastazi. Alikuwa ameliweka mwenyewe wiki tatu zilizopita.

"Harufu niliisikia," Kwandu alikiri, hasira bado ikimchemka. "Nikajiambia chupa zimefungwa na tarehe haijafika."

"Hapo ulikosea, mwanangu. Mvuke wa petroli hupenya plastiki, hasa kwenye joto. Tarehe ile ni ya maji yaliyotunzwa kivulini, penye ubaridi, mbali na mafuta na dawa za shambani. Ukiyatunza vibaya, tarehe haiyaokoi. Yamwagwe yote." Kisha nesi akamgeukia mwalimu. "Nawe umemwaibisha mtoto mbele za watu kabla ya kuchunguza. Kamsafishe jina mbele ya watu haohao."

Mwalimu Anastazi alirudi uwanjani, akashika kipaza sauti, akasema kosa lilikuwa lake. Kwandu hakumtazama. Alikuwa akimtazama mama yake, ambaye sasa aliinua uso.