Mabakuli Mawili ya Kiapo

Katika zama ambazo hariri ya Pate iliulizwa kwa jina lake hata katika majumba ya masultani wa Bara Hindi, watu wa kisiwa hicho hawakuona umbali kuwa kitu. Walifika Hormuzi na Kambaya, na wachache wenye mioyo migumu walivuka mpaka Pegu, nchi ya mito mipana, ambako vilitoka vile vyungu vikubwa vya kung'aa ambavyo kina mama wetu waliviita martabani.

Mwaka mmoja, mfalme wa Pegu alikuwa vitani na majirani zake wa juu ya mto. Mwaka huohuo merikebu ya Nahodha Shali wa Pate ilitia nanga mbele ya mji uitwao Thamaing, ikiwa imebeba pembe, ambari na robota arobaini za hariri. Ndani yake alikuwamo pia mkewe, Mwana Mize, na binti yao Mwanashani, aliyezaliwa humo humo chomboni na sasa ana umri wa miezi mitano.

Mji ule ulikuwa mtulivu mno. Mto ulipita taratibu kama mafuta, na juu ya kilima, ukingoni kabisa, ilisimama pagoda ya dhahabu, hekalu la watu wa huko, pana chini na nyembamba juu, mfano wa kengele iliyowekwa sakafuni. Upepo ukivuma, vijikengele vya kileleni vililia kwa sauti ndogo. Wanawake walipanda ngazi na maua, wakashuka mikono mitupu, nyuso zimekunjuka.

Mwana Mize hakuupenda utulivu ule. Kwa siku tatu alikuwa akiutazama, na siku hizo tatu ndizo mumewe alizokuwa kifungoni.

Kosa la Nahodha Shali lilikuwa dogo, na baharia yeyote wa pwani yetu angelifanya. Alipofika tu, kabla hata ya kula, aliingia mashuani na watu wanane, akawa anatupa bildi, ile risasi ya kupimia kina, huku akiandika vipimo katika daftari lake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na babaye: usilale penye maji usiyoyajua kimo chake. Lakini watu wa Thamaing waliona wageni tisa wakiupima mto ambao adui angeweza kuushuka kwa mashua za vita. Kabla ya adhuhuri wote tisa walikuwa na pingu.

Siku ya nne asubuhi akaja chomboni mkalimani. Jina lake Ilyasi, mfanyabiashara wa nguo kutoka Bengala, aliyewahi kuishi Pate miaka saba na kuoa huko.

"Liwali Binya Thut anasema hivi," alisema, akikwepa macho ya Mwana Mize na mabaharia. "Aje mtu mmoja kuisemea merikebu, na mwenzake mmoja wa kumsindikiza. Waje pagodani adhuhuri. Bila silaha, bila viatu. Asipokuja mtu, jua likipinda wale tisa wanapelekwa vitani, kupiga makasia mbele kabisa, pale mishale inapoangukia."

Serahangi Kombo, mkuu wa mabaharia, alicheka kicheko kikavu. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zake nusu mvi nusu hina, na alikuwa ami yake Shali.

"Bila silaha, bila viatu. Kwa nini wasiseme tuje na sanda zetu kabisa?"

"Mimi naleta maneno tu, Serahangi."

"Na wewe wanakulipa nini kwa maneno hayo?"

Ilyasi akaizungusha pete yake kidoleni, akaizungusha tena. Mwana Mize akamwona, akajiuliza mtu asiye na la kuficha huzungusha pete ya nini.

"Nitakwenda mimi," alisema.

"Mwana!" Kombo aligeuka. "Shali akinikuta nimekuacha upande kule, atanitupa majini, na haki yake."

"Ami, wewe ukipanda wataona mwanamume mwingine wa kuja kuupima mto. Nani amewahi kumwona mpelelezi na mtoto mgongoni?"

 Kombo akaingia ndani kumletea mbeleko, akamfungia mtoto mwenyewe kwa mikono yake mizito, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Waliteremka watatu: Mwana Mize kwa ukaya wake mweusi wa kichwani na mitawanda yake ya mti, Kombo nyuma yake, Ilyasi mbele. Ngazi zilianzia mtoni penyewe, kati ya simba wawili weupe wa mawe. Pande zote watu waliendelea na mambo yao. Mzee alifagia majani. Watawa wenye nguo za manjano walipita wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyewatazama, na hilo ndilo lililomtisha Mwana Mize. Wageni weusi wawili wanapanda ngazi, na hakuna hata mtoto wa kuwanyooshea kidole? Au wameambiwa wasitazame?

Katikati ya ngazi Mwanashani alianza kulia na kujikunja. Mwana Mize akatia mkono ndani ya mbeleko kumweka sawa, na vidole vyake vikagusa chuma baridi.

Alisimama. Akamgeukia Kombo.

"Ami. Umeweka jambia kwenye mgongo wa mwanangu?"

"Dogo tu," Kombo alinong'ona. "Hawatampekua mtoto. Ukibanwa, nipe mimi."

"Na wakimpekua?"

Kombo akatazama mtoni.

Walinzi wa mlango wa juu walikuwa sita, mikuki mirefu mikononi. Mwana Mize alivua mitawanda akaiweka chini. Kisha, mbele ya macho yao, akalitoa lile jambia na kuliweka juu ya mitawanda. Mikuki sita ikashuka kwa pamoja, ncha zake zikamwelekea kifuani. Ilyasi alipiga kelele kwa lugha yao, mikono juu, jasho likimtiririka.  Hatimaye mlinzi mmoja aliliokota jambia kwa vidole viwili, kama anayeokota nge, na mikuki ikainuka.

"Umewaambia nini?" aliuliza Mwana Mize.

"Nimewaambia ungetaka kulitumia usingelitoa," alisema Ilyasi. "Sasa naomba iwe kweli. Wote wanajua ni mimi niliyekuleteni hapa. Nina watoto wanne mjini humu."

Kumbe ndiyo maana ya pete. Lakini Mwana Mize hakumwamini bado. Siku ile hakumwamini mtu.

Uwanda wa juu ulitandazwa mawe yaliyopata jua tangu asubuhi, yakawa yanachoma nyayo. Liwali Binya Thut aliketi chini ya mwavuli mweupe. Alikuwa mwembamba, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Nyuma yake, wakiwa wamefungwa pingu, walisimama wale tisa. Shali alimwona mkewe, akamwona mtoto, akafumba macho.

"Mumeo aliupima mto wangu," Liwali alisema, Ilyasi akifasiri. "Alikuwa akimpimia nani?"

"Alikuwa akiipimia merikebu yake, Bwana. Kwetu hata mlango wa bandari ya nyumbani tunaupima, na tumezaliwa hapo."

"Kila mpelelezi angesema hivyo."

"Na kila mtu mwema pia. Sasa tufanyeje?"

 Liwali akaashiria kwa mkono. Askari mmoja akaleta bakuli la shaba limejaa maji. Wenzake wakachomoa panga wakazichovya humo, wakachovya na ncha za mikuki na za mishale, huku mtawa mzee akisoma kutoka kwenye jani la mvumo lenye maandishi. Ilyasi akaeleza: hiki ni kiapo cha nchi hii. Anayeapa hunywa. Akiwa mwongo, silaha zilizogusa maji yale zitamrudia kabla mwaka haujaisha.

"Anasema unywe, useme mumeo si mpelelezi. Ndipo atawafungua."

"Usinywe, Mwana!" Kombo alisogea mbele. "Nani anajua panga zile zimepakwa nini? Hujaiona mishale yao? Ile rangi nyeusi kwenye ncha?"

Mwana Mize alikuwa ameiona. Lakini hakujifikiria yeye. Alihisi maziwa yakimjaa kifuani, kwa kuwa wakati wa kumnyonyesha ulikuwa umepita, akatambua kwamba kila kitakachoingia kinywani mwake leo kitaingia kinywani mwa Mwanashani. Angelikunywa kwa ajili ya Shali bila kuuliza mara mbili. Kumnywesha mtoto hakuweza.

"Mwambie Bwana," alisema polepole, "kwetu pia tunacho kiapo cha maji. Nipe sahani nyeupe, na manjano, na kalamu."

Minong'ono ikazagaa. Mtawa mzee ndiye aliyesema neno, na sahani ikaletwa, na manjano yaliyosagwa yale ya kutilia nguo za watawa rangi. Mwana Mize alipiga magoti. Alikuwa amesoma chuoni kwa babaye, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akaiandika aya ikazunguka sahani yote, akaiosha kwa maji ya mtungi, yakageuka rangi ya ua, akayamimina katika bakuli dogo.

"Hili ni kombe," alisema. "Mwongo akilinywa baada ya kuapa, tumbo humvimba akafa. Naapa mume wangu hakutumwa na mtu." Akanywa nusu.

Jemadari aliyesimama kando ya Liwali akaangua kicheko. "Ameyatengeneza mwenyewe, atayaogopaje? Mwambie anywe yetu!"

"Na hayo yake kayatengeneza nani?" alijibu Kombo. "Mwambie anywe yeye kwanza!"

Sauti zikapanda pande zote mbili, Ilyasi katikati akigeuka huku na huku, hajui afasiri ya nani. Ndipo Mwana Mize akasimama na bakuli lake.

"Nitakunywa maji ya Bwana," alisema, "kama Bwana atakunywa nusu hii iliyobaki, akaapa kwamba yake hayana sumu."

 Vijikengele vya kileleni, alisimulia baadaye, vilikuwa kama vimesita. Liwali hakuweza kukataa mbele ya watu wake, juu ya uwanda ule. Akaupokea ule mchanganyiko wa manjano, na Mwana Mize, aliyekuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, akaona kwamba mkono wake unatetemeka, na matone yanamwagikia magotini.

Huyu anaogopa kufa, aliwaza. Anaamini maji haya humuua mwongo. Na mtu anayeyaogopa hivi hathubutu kuapa uongo juu yake.

Hakuwa na hakika. Alikuwa na mkono ule tu wa kuutegemea. Liwali alipokwisha kuapa, Mwana Mize aliapa tena, akaliinua bakuli la shaba kwa mikono miwili, akasema "Bismillahi", na wote wawili wakanywa kwa wakati mmoja, kila mmoja akimtazama mwenzake juu ya ukingo wa chombo chake. Maji yalikuwa na ladha ya chuma.

Liwali alijifuta midomo. Alisubiri. Kisha akasema maneno mawili, na pingu zikaanza kufunguliwa.

Daftari la vipimo lilichomwa palepale, na bildi ikatupwa mtoni. Waliambiwa waondoke kesho asubuhi na rubani wa mji, bila kupima hata shubiri. Shali alimshika mkewe mkono wakashuka ngazi, na Mwanashani akapasua anga kwa kilio.

"Mnyonyeshe, Mize. Koo litamkauka."

"Simnyonyeshi."

"Nini?"

"Mpaka jua la kesho. Nikiamka mzima, nitamnyonyesha."

Shali akalikumbuka bakuli la shaba, akaelewa. Mtoto akalia kama anayechinjwa.

Chini, karibu na wale simba wa mawe, aliketi mwanamke muuza maua, mtoto wake wa kiume amelala kwenye kikapu. Alimtazama Mwana Mize, akatazama mtoto, akatazama kifua cha Mwana Mize kilicholowa.  Alinyoosha mikono.

"Hatumjui huyu, Mwana," alisema Kombo. "Tazama, ametumwa."

"Mimi mwenyewe sijijui leo, Ami. Yeye angalau hajanywa kitu cha mtu."

Hata hivyo alisimama pale muda, amemkumbatia mwanawe, akizichunguza kucha za mwanamke yule, na midomo yake, na mtoto wake alivyonona. Kisha akampa. Kilio kikakatika ghafla, na kando ya mto ikasikika sauti ya mtoto akimeza.

Muuza maua alimnyonyesha mara tano. Mara mbili pale ngazini kabla ya magharibi, na mara tatu chomboni, kwa maana alikubali kupanda na kikapu chake, Ilyasi akimfasiria, na Mwana Mize akakaa karibu yake akikamua maziwa yake mwenyewe na kuyamwaga mtoni. Jua lilipotoka, Mwana Mize alikuwa mzima. Alimchukua binti yake kwa muuza maua, aliyekuwa akiteremka na kikapu chake, akamweka kifuani, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu siku ya kushikwa mumewe akalia.

Vitabu vya tarehe viliandika masultani wa Pate mmoja baada ya mwingine, na vita vyao. Safari ya Nahodha Shali haimo, wala mkewe hamo. Lakini miaka kumi na saba baadaye, siku ya kufungwa ndoa ya Mwanashani, shehe aliuliza, kama ilivyo desturi, iwapo bibi harusi anao ndugu wa kunyonya, ili ijulikane nani ni haramu kwake.

"Ninaye mmoja," sauti ilijibu nyuma ya pazia. "Anaitwa Nai Saw. Yuko Pegu, mamaye huuza maua penye pagoda."

Watu wakacheka barazani. Mmoja akasema hofu ya Nai Saw kuja kuposa si kubwa sana.

Shehe hakucheka. "Alikunyonyesha mara ngapi?"

"Tano."

"Tano zinatosha. Basi ni mamayo," alisema, akachovya kalamu, akaliandika jina la Nai Saw.